Mkebe wa Tano

Mama mkwe wangu, Phelesia, alikuja Homa Bay kutibiwa mguu. Mguu ukapona, yeye akabaki. Alikaa kwa mwanawe Jared, karani wa serikali, mtu wa tai na mwavuli, kwenye nyumba iliyo mwendo wa dakika tano kutoka kwangu. Kwa mwanamume aliyeoa, huo ni mtego. Sisi Wajaluo mtu na mama mkwe wake hawachezeani. Humpi mkono, huli mbele yake, huketi naye chumba kimoja hivi hivi, na ukimwona njiani unamwachia njia. Kwa miezi sita niliruka mitaro. Nilijificha nyuma ya magunia ya omena, dagaa wa ziwa letu. Siku moja niliingia kwa fundi wa nguo za wanawake nikakaa humo nusu saa kama mwizi, kwa sababu Phelesia alikuwa amesimama nje akibishana bei ya vitunguu.

Sikumpenda, na sitajifanya nilimpenda. Alipokuwa bado Muhuru alisema mbele ya watu kwamba binti yake ameolewa na punda wa gati. Ni kweli mimi ni mpagazi. Nimesoma hadi darasa la nne, halafu nikaanza kubeba, na nimebeba miaka ishirini na tano. Lakini punda hachagui mwenyewe mzigo wa kwanza kushuka nao melini, na mimi nilichagua. Kila mara meli ya Kisumu ilipofunga kamba, mzigo wangu wa kwanza ulikuwa sanduku la sinema.

Sinema ya Homa Bay haikuwa na jengo lake. Ilikuwa na godauni la pamba. Pamba ikiwamo, hakuna sinema. Pamba ikishasafirishwa na jua kali likianza, Maroa, Mkuria mmoja aliyejifunza mashine ya sinema jeshini wakati wa vita, alifagia godauni, akaziba matundu ya mabati kwa magunia, akatundika shuka kubwa la merikani, akaonyesha picha mchana kweupe hadi mvua za masika ziharibu barabara na watu warudi mashambani. Miezi miwili, labda miwili na nusu. Miezi mingine yote ya mwaka mimi nilikuwa nangoja hiyo.

Na mwaka huo, sitini na tano, nilikuwa nangoja kitu kimoja kuliko vyote. Kiangazi kilichopita Maroa alituonyesha picha ya mtu mwenye chongo. Jina lake halisi la Kizungu lilitushinda, tukamwita Chongo. Watu wanne walimchomea nyumba na mkewe akafa humo. Chongo akapanda farasi kuwatafuta. Mkebe wa kwanza wa filamu alimpata wa kwanza, wa pili akampata wa pili, na kadhalika, haki tupu. Mwisho wa mkebe wa nne alifika kwenye nyumba ya mawe, akashuka, akausukuma mlango kwa mdomo wa bunduki. Mlango ukaanza kufunguka. Halafu shuka likawa jeupe.

Tulipiga mabenchi. Maroa akasimama mbele akasema, "Imeisha. Nendeni."

"Mwongo wewe," nikamwambia. "Sanduku nililibeba mimi. Lina nafasi tano na mikebe minne."

"Basi wa tano ulibaki Kisumu. Uende kwa miguu uulete."

Mwaka mzima nilibeba mahindi nikifikiria ule mlango. Niliwauliza mabaharia wote. Mmoja akacheka akaniambia Chongo hufa, akaanza kunieleza alivyokufa, na kama wenzangu hawangenishika angeanguka ziwani na mfuko wake wa tumbaku. Mtu haruhusiwi kukuambia kitu kama hicho.

Januari Maroa akapata barua yenye orodha ya picha za kiangazi. Nilimfanya anisomee mara tatu. Picha ya vita ya ndege. Picha ya Kihindi ya saa tatu, nyimbo tupu, ambayo nilijua nitailaani na nitaitazama yote. Picha ya mtu mnene anayeanguka anguka. Na Chongo, mikebe mitano, Jumamosi moja tu, Jumatatu irudi.

Ijumaa ya juma la Chongo nilipanda melini kabla daraja la kushukia halijatulia. Nikafungua sanduku pale pale, nikahesabu. Mitano. Nilipoliweka kichwani nilitembea polepole, mimi ambaye hutembea mbio hata na gunia la chumvi.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, Filister, binti wa Muhuru, "Nyar Muhuru, kesho saa nane usinitafute. Nitakuwa godauni."

Filister alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Baba Awino, kuna neno."

"Neno gani?"

"Mama naye anaenda."

Nikaketi. "Mama yako ana haja gani na sinema? Kule Muhuru aliwahi kuona nini zaidi ya ile gari ya serikali inayoonyesha namna ya kuchimba choo?"

"Anataka kuona mwisho."

"Mwisho wa nini? Mwanzo hajauona!"

Hapo ndipo alipokiri. Mwaka jana nilikuwa nikirudi kutoka sinema namsimulia picha yote, farasi kwa farasi, risasi kwa risasi. Mama yake alipolazwa na mguu, Filister alikuwa anakaa kando ya kitanda, hana la kusema, akaanza kumsimulia Chongo. Kidogo leo, kidogo kesho. Wanawake wa vitanda vya jirani nao wakawa wanasikiliza. Walipofika kwenye mlango, Phelesia alimshika mkono akamuuliza nani yuko ndani. Filister akasema hajui. Yule mama hakulala.

"Ndiyo maana hakurudi kwao," Filister akasema. "Mguu ulipona Septemba."

Niliona giza. Simulizi yangu mwenyewe, iliyotoka mdomoni mwangu kitandani mwangu, imemleta huyo mwanamke, imemweka, na sasa inamkalisha kwenye benchi langu.

"Mwambie asiende."

"Nimwambie mimi? Mama yangu?"

"Mwambie mkwe wake atakuwamo."

"Nimemwambia. Amesema, basi mkwe wangu mwenye adabu anajua la kufanya."

Jioni hiyo Jared alikuja mlangoni kwangu na mwavuli, kipindi cha jua kali, hata wingu hakuna.

"Shemeji," akasema, "sitakaa. Nimekuja tu kukukumbusha kwamba kesho utapumzika nyumbani. Mama ni mtu mzima na alikuwa mgonjwa."

"Mguu wake umepona. Kila siku namwona akivuka mtaro kunizidi mimi."

"Unamwona? Kumbe unamtazama mama mkwe wako miguu?"

"Jared, ondoka na mwavuli wako kabla sijaufungua ndani yako."

"Haya ndiyo aliyosema Mama," akajibu, akirudi nyuma hatua mbili. "Punda umpe heshima, atakupa teke."

Nilikwenda kwa Maroa. Nikamwomba aonyeshe mara mbili, saa sita kwa ajili yangu, saa nane kwa ajili ya wote. Akasema petroli ya jenereta inatosha mara moja na kidogo. Nikamwambia anionyeshe basi ule mkebe wa tano peke yake, leo hii. Akakataa. Akasema akifanya hivyo, kesho nitakuwa nimekaa mbele nikiwaambia watu kinachokuja, ananijua.

"Kwanza nyinyi Wajaluo mna bahati," akaongeza akipangusa kioo cha mashine. "Kwetu Ukuria ungekuwa umeshahama mji. Mama mkwe akiwa Homa Bay, wewe uko Masara unachimba dhahabu."

"Sikuuliza ya kwenu."

"Na mimi sikukuita."

Usiku huo nilipanga. Mila ina pande mbili. Mkwe humwogopa mama mkwe, lakini mama mkwe naye humwonea haya mkwe. Yule atakayekuta mwenzake amekaa ndiye anayepaswa kugeuka. Basi nitakaa kwanza. Nilijiona mwerevu sana.

Jumamosi saa tano na nusu nilikuwa godauni. Nikachukua benchi la mbele, katikati, nikatandaza gunia. Watu wakaanza kuingia na vigoda vyao. Kufika saa nane kasorobo palikuwa pamejaa, joto na vumbi la pamba, wazee upande mmoja, akina mama kwenye mikeka. Mzee Elkanah, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu wa kujiingiza katika mambo ya watu, akaja akaketi karibu yangu.

Kisha mlangoni pakatulia. Nilijua kabla sijageuka. Phelesia alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ametugeuzia mgongo kwa heshima zote, shuka lake limepangwa begani, Jared kando yake na ule mwavuli. Hakuingia. Hakuondoka. Akakohoa.

Nikatazama mbele.

Akakohoa tena, safari hii kwa nguvu kama mtu anayevunja kuni.

"Zadock," Elkanah akaninong'oneza, lakini mnong'ono wake husikika hadi gati, "mama mkwe wako yuko mlangoni."

"Amenikuta nimekaa. Ageuke yeye."

"Amegeuka. Tazama, mgongo huo."

Sauti ikatoka nyuma: "Omera, ndugu yangu, toka! Tunaungua humu!"

"Zadock, aibu!"

"Mwaka mzima anamngoja Chongo na hana haya hata kibaba!"

Na mwanamke mmoja, sikumjua, akasema, "Mwacheni, labda anataka kumpakata." Godauni zima likalipuka kwa kicheko. Nikainuka. Ningefanya nini? Nikatoka kwa mlango wa pembeni nikiwa nimefunika uso kwa kofia, na nyuma yangu nikasikia Phelesia akiketi. Aliketi kwenye gunia langu. Hata hakulikunguta.

Nje, jua lilikuwa linaoka mabati. Jenereta ikaanza kunguruma. Nilisimama pale nikimlaani yeye, Jared, Elkanah, na baba yangu aliyenichagulia ukoo wa kuoa. Halafu nikakumbuka kitu ambacho mpagazi tu angekikumbuka. Nyuma ya godauni kuna mlango mdogo wa kupakulia marobota. Shuka la Maroa halikutundikwa ukutani. Lilitundikwa kwenye nguzo, hatua nne mbele ya ukuta. Kati ya shuka na ukuta kuna nafasi, na merikani ni kitambaa chepesi.

Nikaingia. Nikaurudisha mlango, nikauwekea gunia la mbegu za pamba, nikaketi juu ya robota lililosahaulika. Nikajiambia shuka ni ukuta. Tuko vyumba viwili. Mimi sijakosa.

Picha ilionekana vizuri, ila kinyume. Chongo aliyekosa jicho la kushoto sasa amekosa la kulia. Bunduki iko mkono usio wake. Farasi waliokwenda kushoto sasa wanakwenda kulia. Na katikati ya shuka palikuwa na taa ya mashine, duara linalochoma macho, kila uso wa mtu ukipita hapo unawaka kama jua. Sikujali. Mkebe wa kwanza nikaujua, wa pili nikaujua. Upande wa pili Maroa alikuwa anatafsiri kwa sauti ya kijeshi, na nusu ya anayosema alikuwa anatunga.

"Anasema, wewe mbwa, ulikula ng'ombe wangu!"

"Hakuna ng'ombe!" sauti ikasema. Ilikuwa ya Phelesia. "Filister hakuniambia ng'ombe. Walimchomea nyumba. Tafsiri vizuri au nyamaza."

Maroa akanyamaza. Nilikubaliana na Phelesia kwa moyo wote, na jambo hilo lilinikasirisha.

Mkebe wa nne ukaisha mahali pale pale. Nyumba ya mawe, mdomo wa bunduki, mlango. Maroa akabadilisha mkebe. Nilisikia vidole vyake. Shuka likawaka, mlango ule ukaanza kufunguka, nikasimama bila kujua, nikasogea hadi pua yangu ikakaribia kitambaa.

Hapo hapo mlango wa nyuma yangu ukasukumwa na gunia likaanguka.

"Nimekushika!" Jared akapiga kelele.

Mwanga wa jua uliingia wote kwa pamoja. Picha ikafa. Shuka likageuka jeupe, na juu yake, kwa wote walio upande wa pili, pakasimama kivuli changu, kofia, masikio na tumbo, kirefu kuliko Chongo.

"Wuoi! Kuna mtu!"

"Ni Zadock! Tumbo hilo ni la Zadock!"

"Amekuwa akimkodolea mama mkwe macho tangu saa nane!" Huyo alikuwa Elkanah. "Watu wangu, huu ni mwiko! Zimeni mashine!"

Nilisikia mashine ikiendelea. Trrr, trrr. Kila pumzi waliyopoteza kupiga kelele ilikuwa inakula mkebe wangu wa tano, kule juu ya shuka ambapo hakuna aliyeweza kuuona. Ningeweza kulia. Nilitaka kumkaba Jared.

Ndipo sauti moja ikakata zote.

"Jared!"

"Mama, ni Zadock, yuko huku nyuma ya..."

"Nimekuuliza ni nani? Funga mlango!"

"Lakini Mama, amekuvunjia heshima, yeye..."

"Mwaka wa nne huu nakuambia oa, huoi, na unataka kunifundisha mambo ya wakwe? Funga huo mlango, mjinga wewe, kabla sijaja kuufunga kwa kichwa chako!"

Elkanah akaanza, "Mama Phelesia, kwa mila yetu..."

"Elkanah, ulilipa kiingilio utazame picha au umtazame mkwe wangu? Mimi sijaona mkwe. Nimeona kivuli. Na hicho kivuli kiketi chini, kinaniziba."

Mlango ukafungwa. Nikaketi. Sikutaka kumtii, lakini niliketi.

"Maroa," akasema, "rudisha pale mlangoni."

"Petroli, mama..."

"Rudisha."

Maroa akasimamisha mashine, akazungusha filamu nyuma kwa mkono, akilalamika kwa Kikuria. Kisha giza, kisha mwanga. Mlango wa nyumba ya mawe ukafunguka hadi mwisho.

Ndani palikuwa na mzee. Mtu wa nne, yule aliyeshika kijinga cha moto siku nyumba ilipochomwa, sasa mzee kabisa, mikono inatetemeka, macho hayaoni. Msichana mdogo alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Uji ulikuwa umemwagikia ndevu. Chongo akainua bunduki. Mzee akageuza uso kutafuta sauti ya viatu. Chongo akasimama hivyo, akasimama, akasimama.

"Piga!" nikapiga kelele.

"Mpige!" sauti ikapiga kelele upande wa pili wa shuka, wakati ule ule. "Mpige, una nini?"

Chongo akashusha bunduki. Akavua kofia. Akatoka, akapanda farasi, akaenda zake mdogo mdogo hadi akawa kama nzi. Yale maandishi ya Kizungu yakapanda, kwangu yakiwa kinyume, na mashine ikazimika.

Hakuna aliyepiga benchi. Watu walitoka wakinung'unika. Mimi nilibaki kwenye robota langu. Mwaka mzima, kwa ajili ya uji kwenye ndevu.

Jumapili wazee walikaa, Elkanah akiwa mbele yao bila shaka. Walibishana kama shuka ni ukuta au si ukuta. Mwishowe wakasema nitoe kuku mweupe apelekwe kwa Jared, mambo yaishe. Nilimtuma Filister na kuku mwembamba kuliko wote. Alirudi jioni.

"Mama yako amempokea?"

"Amempokea. Amesema anafanana na aliyemtoa."

"Na nini tena?"

"Anasema Jumamosi ijayo, picha ya ndege, uingie mapema huko nyuma na ufunge kwa ndani. Na usipige kelele. Anasema kelele zako zilimharibia mwisho."

"Zangu? Mwambie zake ndizo zilizoniharibia mimi!"

"Sibebi tena," Filister akasema. "Mpagazi ni wewe."

Jumatatu asubuhi nilibeba sanduku kurudi melini. Sikutembea polepole. Karibu na gati nikamwona Phelesia anakuja upande wangu na kikapu cha samaki. Nikaruka mtaro na sanduku kichwani, nikageukia majani. Yeye akageukia ua wa michongoma ng'ambo ya njia. Tulisimama hivyo, mgongo kwa mgongo, kama inavyotakiwa.

"Mpumbavu yule," akauambia ua. "Na bunduki ilikuwa na risasi sita."

"Sita," nikayaambia majani.

Akatema mate, akaenda zake. Nilipofika melini nililitupa lile sanduku chini kama gunia la mahindi.